Masanduku Manne ya Shimo la Kumi na Nne

Julai 2, Jumatatu

Leo mkuu mpya wa ofisi yetu ya miamba, Bwana Praneeth, amenipa barua ya mistari mitatu. Ghala la mawe lihamishwe kabla ya mwisho wa Oktoba. Jengo litakuwa ukumbi wa mikutano. Mawe "yatumike kwa shughuli yoyote inayofaa". Mistari mitatu tu, kwa mashimo ishirini na mawili, masanduku elfu moja mia nne na kumi, na miaka yangu ishirini na minane ya kazi.

Nilimweleza kwa adabu kwamba haya si mawe ya kuokota njiani. Ni fimbo za mwamba, unene wa mkono wa mtoto, zilizochorongwa kwa mashine kutoka chini ya ardhi ya wilaya hii, nyingine kutoka kina cha mita mia nne, na kila moja imelala sandukuni kwa mpangilio ule ule iliolala huko chini. Alitabasamu kama kijana anayemsikiliza babu yake akisifia redio ya mbao. Akasema wilaya nzima ya Kadapa ni mawe, watu wanakanyaga mawe, wanaezekea mawe, na siku nikiyakumbuka sana niangalie sakafu ya nyumbani kwangu.

Daftari hili nimelinunua wakati wa kurudi. Barua zangu zikiingia masijala hazitoki. Hapa angalau nitajua nimesema nini.

Julai 3

Nimeandika barua ya kwanza. Nimetumia maneno ambayo hata mtoto wa darasa la nne angeyaelewa. Kwamba hapa tulipo palikuwa bahari ya kina kifupi, kabla hakujawa na samaki hata mmoja wa kuogelea ndani yake wala jani la kuota ufukweni. Kwamba bonde hili lilididimia polepole, likajaa mchanga, tope na chokaa, kisha likainuka, likakwanguliwa na mvua ambazo hakuna macho yaliyoziona, halafu likazama tena. Kwamba juu ya ardhi unaona ukurasa mmoja mmoja uliochanika, lakini ndani ya masanduku yangu kitabu kipo kizima. Mimi, Obulesu, niliyeishia darasa la kumi, nimemwandikia hayo mtu mwenye shahada mbili.

Julai 9

Hakuna mvua. Hakuna jibu.

Julai 14

Nimempigia simu Madamu Vaidehi huko Hyderabad.

Mashimo haya yote ni kazi yake. Mwaka themanini na nne mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, mbeba masanduku kwenye kambi ya uchorongaji, na yeye alikuwa mtaalamu wa miamba pekee mwanamke kati ya wanaume kumi na saba. Alivaa viatu vya kiume na hakumwogopa mtu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka jiwe kwenye ulimi ili nijue kama ni tope lililoganda, na kudondosha tindikali kwenye chokaa nione inavyotoa povu. Kila nikijuacho kuhusu dunia ya kabla ya watu nimekipata kwake. Ramani yake ya bonde imetundikwa katika kila ofisi ya serikali wilayani, na wachimba visima wanaifuata mpaka leo.

Nilitegemea awake moto. Nilitegemea aniambie usiguse hata sanduku moja mpaka nifike. Badala yake alisema, "Yaache yaende, Obulesu. Yote tuliyaandika kwenye ripoti."

Mke wangu Subbamma anasema uzee humfanya mtu achoke. Sikubali. Nahisi anaumwa.

Julai 26

Jua linawaka kama Aprili. Nimefika kazini nikakuta shimo la langoni, lile lililochimbwa na matairi ya malori, limejazwa. Limejazwa kwa fimbo za shimo langu la tatu. Mita arobaini za mchanga mweupe wa ufukwe wa kale, wenye alama za mawimbi ambazo ungeweza kuzipapasa kwa kidole, zimetupwa zikakanyagwa na gari la maji.

Nilikwenda kwa Bwana Praneeth. Akasema barua imeruhusu shughuli yoyote inayofaa, na yeye haoni shughuli inayofaa kuliko magari kupita. Kisha akanishauri niombe likizo.

Julai 27

Kullayamma, mfagiaji wetu, ambaye kwa miaka kumi na moja nimegombana naye juu ya vumbi na ndoo, nimemkuta amepiga magoti langoni anazifukua zile fimbo kwa kijiko cha chuma. Ameziosha na kuzipanga kwenye magunia ya mchele. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, mpangilio umeshapotea. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba haujapotea, mimi mwenyewe nilimgombeza mwaka ule wa kwanza kwamba kila fimbo kichwa chake kinaelekea kushoto na namba ndogo ndizo za juu, basi yeye anasoma namba. Sikuwahi kujua kwamba anasoma.

Agosti 5, Jumapili

Tumekwenda Gaddampalle, kwa wakwe. Mvua hakuna, karanga zimekauka zikiwa na urefu wa kidole.

Shemeji yangu Maddileti, kaka yake Subbamma, alikuwa na bustani ya michungwa iliyosifiwa mpaka mji wa Tadipatri. Kisima chake kilipokauka nilikuja mimi mwenyewe na nakala ya ramani ya Madamu, nikaitandaza juu ya kitanda cha kamba, nikamwonyesha: chini yako, mita mia na arobaini, upo mwamba wa chokaa wenye mapango, na mapango yana maji. Niliapa kwa jina la mungu wa nyumba yao. Akachimba visima vitano kwa miaka saba. Vitano vikavu. Michungwa ikafa mstari kwa mstari, na sasa anakata mabamba ya mawe machimboni, mikono imepasuka kama udongo wa bwawa.

Leo alinitania. "Shemeji, nasikia mawe yako yanastaafu kabla yako."

Nilikuwa na hasira zangu za ofisini, nikamjibu vibaya. Nilimwambia mawe yangu hayakumkosea kitu, yeye ndiye hana subira, siku zote anasimamisha mashine pale ambapo angeongeza kidogo tu. Aliendelea kumega tonge lake la ulezi. Mama mkwe akanitazama mimi, si yeye.

Agosti 13

Hakuna mvua. Barua ya nne.

Agosti 20

Hakuna mvua. Nimeambiwa barua ya nne iliwekwa kwenye faili la "Usafi".

Agosti 29

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni ghalani, saa tano asubuhi, na Kullayamma amekwenda kuniletea maji kwa sababu alidhani nimepigwa na jua.

Vibarua wa Bwana Praneeth walianza jana kutoa masanduku nje. Niliwaambia shimo la kumi na nne nitalitoa mwenyewe. Ndilo shimo lililochorongwa karibu na Gaddampalle, ndilo lililoifanya ramani ya Madamu iwe ramani. Nilipolivuta sanduku la sitini na mbili, ubao wa chini ulikuwa umeliwa na mchwa, likafumuka, na fimbo zikaviringika mpaka mlangoni.

Mtu asiyejua ghala angezikusanya tu. Mimi nilisimama. Kambini, fimbo ikitoka tu kwenye mashine, msaidizi wa fundi alikuwa anaiandika kwa rangi nyekundu namba ya shimo na kina. Maandishi yale hukaa juu, ili yasomeke. Fimbo za sanduku hili zilikuwa zimelazwa kifudifudi. Sasa zilikuwa zimegeuka, na rangi nyekundu ilikuwa ikinitazama. Tisa. Tisa. Tisa.

Nilifungua la sitini na moja, sitini na tatu, sitini na nne. Zote kifudifudi. Nilizigeuza moja moja. Hakuna hata moja ya kumi na nne. Ni shimo la tisa, kilomita thelathini upande wa pili wa kilima.

Ni chokaa yenye mapango. Ndiyo ile niliyomwapia Maddileti.

Nje ya masanduku, kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko mzuri wa kijana anayejivunia kazi yake mpya, pameandikwa: Shimo la 14, Sanduku la 61, la 62, la 63, la 64. Mwandiko ni wangu.

Agosti 30

Nimekwenda kwenye masanduku ya shimo la tisa. Mahali pa fimbo hizo pana vipande vya mbao vilivyoandikwa "Mwamba ulipotea wakati wa kuchoronga". Haukupotea. Ulihamishwa.

Nimekagua fimbo za shimo la kumi na nne zilizo juu na chini ya pengo. Chini chokaa nyingine, isiyo na mapango, inaishia imekwanguliwa, juu yake kuna kokoto tatu za jiwe gumu, za mviringo, zimeshikana kama karanga kwenye sukari guru. Kokoto tatu tu zilizosalia. Hata mimi naweza kusoma hilo. Bahari iliondoka, nchi ikawa kavu kwa muda usiohesabika, na mito ikaibeba chokaa yenye mapango mpaka yote ikaisha, ikaacha kokoto. Chini ya Gaddampalle hakuna mapango. Yalikwisha kabla dunia haijapata hata mdudu. Maddileti angechimba visima hamsini angepata vumbi.

Septemba 4

Nimempigia. Nilisema, "Madamu, nimegeuza fimbo za sitini na moja hadi sitini na nne." Akasema, "Nakuja."

Septemba 11

Alikuja kwa treni ya asubuhi. Amezeeka, anatembelea mkongojo, lakini viatu ni vile vile vya kiume. Aliomba nimpeleke ghalani, na nikamwekea kiti mbele ya masanduku manne niliyoyaacha wazi. Hakuyagusa.

Alieleza bila kujitetea sana, na hilo liliniudhi zaidi. Pale chini palikuwa na kokoto zisizoshikana, mashine ikazisaga, mita kumi na nane zikatoka matope matupu. Mkuu wa wakati ule alishamwambia kwamba mwanamke hawezi kusimamia uchorongaji, na shimo lenye pengo ndilo ushahidi alioungojea. Alikuwa na uhakika kwamba matabaka ni yale yale pande zote mbili za kilima. Kwa hiyo akaziba pengo kwa fimbo za shimo la tisa, akipanga kurudi kuchoronga tena. Hakurudishwa. Miaka sita baadaye aliona mahali pengine zile kokoto, akajua amekosea.

"Ulijua tangu mwaka wa tisini," nikasema.

"Nilijua."

"Shemeji yangu alianza kuchimba mwaka wa tisini na sita. Kwa ramani yako na kwa kiapo changu."

Alitazama viatu vyake. Akasema ramani ilikuwa imeshapigwa chapa, wengine walikuwa wamejenga kazi zao juu yake, na kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata uwe mgumu zaidi. Kisha akasema neno ambalo nimelitafuna mchana kutwa: "Obulesu, baada ya wiki sita ghala halitakuwepo. Hakuna atakayeumia tena."

Miaka yote hii niliwakasirikia wanaosema haya ni mawe tu. Kumbe aliyenifundisha kwamba si mawe tu ndiye aliyekuwa akingoja yatupwe.

Nilimrudisha stesheni kwa riksho. Alipokuwa anapanda behewa alisema nifanye nitakavyoona. Kwa nini iwe mimi? Yeye ana jina, ana pensheni, ana watu wa kumpigia simu. Mimi nina brashi ya rangi nyeupe.

Septemba 12

Mawingu upande wa mashariki.

Septemba 13

Nimeanza barua. Nimeichana.

Septemba 17

Mvua, ya kwanza tangu Mei. Vibarua wameyaacha masanduku ya shimo la saba wazi uani, na namba za rangi zinatiririka. Mimi na Kullayamma tumeyafunika kwa vipande vya hema la uchaguzi. Amenichungulia usoni akaniuliza nimemkosea nani. Nikamwambia mambo yote. Alifikiri kidogo, akasema yeye akivunja kikombe ofisini hukatwa mshahara siku hiyo hiyo, hajui watu wakubwa wanalipaje.

Septemba 18

Mvua.

Septemba 24

Nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Nimeeleza fimbo zilitoka wapi, zilihamishiwa wapi, na rangi nyekundu inasema nini. Nimeandika jina la Madamu Vaidehi, na mkono haukutaka. Nimeandika pia: "Namba za nje ya masanduku ziliandikwa nami, bila kuzigeuza fimbo, ingawa kuzigeuza ilikuwa kazi yangu." Nimeweka sahihi, nimepeleka kwa mkono wangu, sikupitia masijala.

Septemba 25

Bwana Praneeth ameniita. Niliingia nikiwa tayari kwa lile tabasamu lake. Hakutabasamu. Alikuwa amesoma mara mbili, na aliomba nimwonyeshe. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye vumbi, akageuza fimbo moja baada ya nyingine. Aliuliza maswali ya maana. Aliuliza visima vingapi vimechimbwa kwa kufuata ramani ile, nikamwambia sijui vya wilaya nzima, najua vitano.

Jioni akafunga ghala kwa kufuli mbili na karatasi ya muhuri. Mawe haya sasa ni ushahidi katika uchunguzi, hakuna anayeruhusiwa kuyahamisha, na ukumbi utafutiwa mahali pengine. Yaliyo uani yamerudishwa ndani kabla ya giza, na yeye mwenyewe alibeba.

Nilimdhania ni mjinga, na simo tena katika dhana hiyo. Lakini siwezi kushukuru. Masanduku elfu moja mia nne na sita yaliyosema kweli hayakustahili hata bati la kuyafunika. Yaliyosema uongo ni manne, na ndiyo yaliyoliokoa ghala.

Oktoba 8

Wamekuja wataalamu watatu kutoka mbali. Wamepiga picha masanduku manne. Niliwaomba waone ufukwe wa shimo la tatu, ulio na alama za mawimbi, uliookolewa langoni. Walitazama saa.

Oktoba 12

Madamu ameandika barua kwa ofisi. Amekiri yote, mistari saba. Mimi hakunitaja kwa ubaya wala kwa wema.

Oktoba 14

Mvua. Subbamma ananiuliza lini nitakwenda Gaddampalle. Nimesema barabara mbovu.

Oktoba 17

Mvua. Ameniuliza tena. Nimesema kazi nyingi.

Oktoba 19

Ameniambia kama siendi mimi, anakwenda yeye, na atamwambia kaka yake kwa mdomo wake.

Oktoba 21, Jumapili

Tumekwenda.

Nilimkuta Maddileti anaziba paa la banda kwa bamba la jiwe. Alishuka, akanisikiliza akiwa amesimama. Nilimweleza bahari, nchi kavu, mito, kokoto tatu. Alinikatiza. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hayakuwepo maji?"

"Hayakuwahi kuwepo."

"Na namba kwenye masanduku nani aliandika?"

"Mimi."

Nilidhani atanipiga. Ningependa anipige. Badala yake alisema, "Twende," akatangulia kwenye manyunyu. Alinipeleka kwenye kisima cha kwanza, nyuma ya nyumba, kilichofunikwa kwa bamba. Alilisukuma kwa mguu. "Mimi ni mtu asiye na subira," alisema. "Ndivyo ulivyoniambia mbele ya mama yangu. Sasa sema ulichonitendea, ukiwa umesimama hapa."

Nikasema. Kwamba niliapa maji yapo, hayakuwepo, na sikuangalia.

Akanipeleka cha pili. Nikasema. Cha tatu kipo karibu na njia, na majirani wawili waliokuwa wakipita na mbuzi walisimama. Nikasema mbele yao. Tulipofika cha nne mama mkwe alishatufikia, ukingo wa sari kichwani, anashikwa mkono na Subbamma. Pale sikungoja kuambiwa.

Cha tano kiko mwisho wa shamba, kwenye visiki. Maddileti hakulisukuma bamba. Alisema hiki hakutaka kukichimba, mke wake alimkataza, bado alikuwa na mistari miwili ya michungwa hai ambayo angeweza kuinywesha kwa maji ya kununua. Alichimba kwa sababu mimi nilikuja nikamwambia aongeze kidogo tu.

Alingoja. Mvua ikaongezeka, wenye mbuzi wakaondoka, na yeye aliendelea kungoja, mikono yake ile iliyopasuka ikiwa imening'inia. Hasira zangu zote za miezi minne, za barua, za langoni, za Madamu, nilizitafuta zinisaidie, sikuipata hata moja. Mwishowe nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, akanitaka nirudie, nikarudia.

Alifuta uso kwa taulo la begani.

"Umekula?" akaniuliza, kwa hasira ile ile.

Nikasema bado. Akageuka, akaanza kurudi nyumbani, nami nikamfuata.